Kikombe cha Chuma

Gereza Kuu, bweni la pili
4 Februari

Mke wangu, Mama Kipusa,

Hii ndiyo barua ya kwanza wanayoniruhusu. Hata wangenipa kalamu mapema nisingeweza kuishika, maana mkono ulikuwa unarukaruka kama mkia wa mjusi uliokatika. Sasa arosto imeniacha. Sitakueleza yote, najua utaisoma peke yako halafu usile. Niseme tu kwamba niliukosa unga na mwili ukanidai. Ukatoka kwa juu na kwa chini, na mifupa ikawasha kwa ndani mahali ambapo kucha hazifiki. Nyapara, mfungwa mwenzetu aliyewekwa kutusimamia, alinimwagia ndoo ya maji akasema, "Kufa au pona, ila usipige kelele." Nikapona. Kumbe inawezekana. Kule kliniki kwa dada yako walitaka kuninywesha ile dawa yao kila asubuhi mpaka nizeeke, na humu nimepona kwa maji ya baridi.

Miaka minane. Hakimu alisema kete za unga zilizokutwa ni nyingi mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo mimi ni muuzaji. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hujui ninavyokula." Watu wakacheka, yeye akaandika.

Kuna jambo linanila roho. Askari walipoingia karakana hawakupekua. Hawakufungua droo, hawakugusa koti langu. Walipita katikati ya majokofu ya wateja, wakaliendea lile bovu la pembeni, wakaligeuza, wakafungua kisanduku kilicho chini ya kompresa. Mtu aliwaelekeza. Mtu kanichomea utambi, na ni wa karibu. Nina miaka minane ya kumfikiria.

Mbusu Kipusa. Mwambie baba yuko safarini, anatengeneza jokofu kubwa sana.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani kwa mama
11 Februari

Dada, shikamoo.

Usishangae kuona bahasha. Mama analala kitanda cha pili humuhumu chumbani, na masikio yake unayajua. Ninachotaka kukwambia hakisemeki kwa simu, na simu yenyewe siipendi tena.

Aliyepiga ni mimi.

Unakumbuka lile tangazo la redioni, Mtaje Apone? Kila jioni nikipiga pasi lilikuwa linapita. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa laini kama ya mkunga. Alisema mtaje mtu wako, atachukuliwa, atatibiwa, atarudishwa kwako. Neno jela sikulisikia. Hata hivyo nilikuwa sijapiga, mpaka Jumapili ile.

Mume wangu alimchukua Kipusa, akasema anampeleka kubembea. Walipochelewa nikawafuata. Niliwakuta nyuma ya karakana. Baba ameegemea ukuta, mdomo wazi, hayupo. Mtoto amekaa miguuni pake na bomba la sindano, anamdunga mwanasesere wake, anamwambia, "Pole, pole, utapona." Kwenye kidole cha Kipusa kulikuwa na tone la damu. Damu hiyo umeipima wewe mwenyewe, ila nilikudanganya kwamba alijikata na wembe wa kuokota.

Nilijua anakoficha. Yeye hajui kwamba nilijua. Nikapiga, nikawaeleza mpaka jokofu.

Najua utaniambia alikuwa ameshaanza dawa kwenu. Alikuwa anakunywa siku nne, ya tano anakosa. Na kusema kweli, dada, hicho kikombe chenu cha dawa sijakielewa. Mnamtoa mtu kwenye unga wa mtaani mnampa unga wa serikali, tena kwa foleni. Sumu haipungui kwa kubadilishiwa chombo. Nilitaka aache, basi. Nilitaka mtu amshike kwa nguvu mpaka aache.

Naomba uniapie kwamba hutamwambia mtu, hasa yeye.

Mdogo wako


Kliniki, mjini
18 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako imeshinda mfukoni mwa koti langu la kazi. Kila nilipoinama kumpa mgonjwa kikombe niliisikia ikikunjika.

Kwa kidole cha Kipusa siwezi kukulaumu. Ningemkuta mimi, pengine ningempiga baba yake nyundo kwanza, ndipo nimwandikie dawa. Lakini ulimtaja kwa watu ambao kazi yao ni kufunga. Yule mwanamke wa redioni hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Analipwa kwa ile sauti yake.

Unasema unga wa serikali. Sawa, nimelikubali jina. Chuma anaunywa huo unga wa serikali, mwaka wa tatu huu. Wewe unamjua Chuma kama rafiki wa mumeo tangu wakiwa wanacheza na matairi. Mimi namjua kama mtu aliyeletwa kwangu kwa toroli la kubebea saruji, hana hata mshipa wa kupima damu. Sasa kila asubuhi anakuja na ovaroli lake lililotobolewa na cheche, anakunywa mbele yangu, ananionyesha ulimi, anakwenda kuchomelea mageti ya watu. Na ndiye aliyemshika mumeo mkono akamleta kwetu. Sijui kama huko ndiko kupona. Najua ni kuishi. Nyinyi mnataka mtu arudi kama sahani mpya. Wengine hurudi na ufa, na bado chakula kinakaa.

Mwambie mumeo mwenyewe, mapema, kwa mkono wako. Siri ya namna hii ni moshi, huwezi kuifunika kwa kitambaa. Nimekuapia kwa sababu umeniomba. Kukubali sijakubali.

Mwenye nyumba anataka kutupa vifaa vya karakana. Chuma amesema atakuletea kwa basi. Nitampa dozi ya safari.

Dada yako


Nyumbani kwa mama
2 Machi

Baba Kipusa, mume wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako umenyooka. Mama anakusalimu, ingawa unajua salamu zake huja na mahubiri.

Nimepata kazi ya dobi katika ile hoteli ya karibu na stendi. Nafua mashuka. Ungeona wanavyolala watu wenye pesa ungesema ni wanyama. Jioni mikono yangu inakuwa myeupe na imekunjamana kama ya maiti, na Kipusa hataki nilishike shavu lake.

Chuma alikuja na vifaa vyako vyote, mpaka kile kipimo cha gesi ulichokuwa unakililia. Alipoona dirisha letu halina nondo akasema shemeji hapa mwizi anaingia bila kuinama. Akakodi mashine kwa fundi wa jirani, akachomelea nondo siku hiyohiyo, hakutaka hata nauli. Kipusa alimkodolea macho mpaka mwisho. Sasa anamwita Mjomba Cheche.

Habari ya nani aliyewaelekeza askari, usiumize kichwa. Huenda walibahatisha. Fikiria afya yako.

Mkeo,
Mama Kipusa


Gereza Kuu, bweni la pili
15 Machi

Mke wangu,

Walibahatisha, unasema. Askari habahatishi chini ya kompresa.

Mimi sasa ndiye nyapara wa bweni. Yule wa zamani amehamishwa, na mkuu wa gereza alitaka mtu aliyeacha unga, maana humu unga unaingia kirahisi kuliko sabuni. Nagawa nafasi za kulala, nagawa chakula, nagawa maji. Juzi walikuja wale watu wa Mtaje Apone na kamera. Nikasimamishwa mbele. Nikawaambia jela imeniponya, na kwamba kubembeleza mlevi ni kumzika taratibu. Wakapiga makofi. Sikusema uongo.

Nimepata muda wa kufikiri. Kisanduku kile walikijua watatu. Mimi. Chuma, kwa sababu ndiye aliyekichomelea, nilimwambia ni cha kufichia pesa. Na dada yako. Ndiyo, dada yako. Siku ya kwanza kliniki aliniuliza maswali kama karani wa sensa. Natumia wapi, na nani, naweka wapi. Nikajibu kama mtoto mbele ya mwalimu. Wewe hukuwahi kujua, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Chuma siwezi kumfikiria. Amebaki dada yako. Kuna jamaa anatoka mwisho wa mwezi, ana shukrani kwangu. Nimemwomba apite kliniki, amngoje dada yako akitoka kazini, ampe salamu zangu. Usiogope. Ni salamu tu. Jamaa huyu zamani alikuwa mchinjaji, lakini ameokoka.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani kwa mama
22 Machi

Mume wangu,

Dada yangu si mtu wa kufanya hivyo. Mzuie huyo jamaa yako, nakuomba kwa jina la mtoto.

Kuna neno nililiweka moyoni kwa sababu sikutaka kukuvunja. Siku moja kabla ya askari kuja, Chuma alionekana akitoka kituo cha polisi. Yule bibi muuza mkaa wa kona ndiye aliyemwona, akaniambia. Nilidhani alikwenda kwa mambo yake. Sasa umesema ndiye aliyekichomelea kisanduku, na mimi sina la kuongeza.

Lakini usimtumie mtu. Yeye yuko nje na maisha yake, wewe maliza kifungo chako. Hasira hupoa.

Mama Kipusa


Nyumbani kwa mama
23 Machi

Dada,

Ukitoka kazini kwa siku hizi usitoke peke yako, na usipite ile njia ya nyuma. Alikuwa anakushuku wewe. Nimemwambia ni Chuma.

Chuma ni mtu wa nguvu, hakuna wa kumgusa, na kati yao kuna ukuta wa gereza. Ni neno tu. Usinijibu.


Gereza Kuu, bweni la pili
1 Aprili

Mke wangu,

Kumbe anachoma vyuma, anachoma na watu.

Jamaa nimemzuia. Mwombe radhi dada yako kwa niaba yangu, ingawa hakuijua dhambi niliyompa. Chuma sitamtumia mtu. Huyo nitakutana naye mwenyewe nikitoka, nimtazame machoni. Miaka itapita.

Fundi


Kliniki, mjini
9 Aprili

Mdogo wangu,

Ulisema nisikujibu. Sasa nakujibu.

Wiki iliyopita waziri alisimama bungeni akasema kliniki hizi ni vijiwe vyenye madaktari. Jumatatu asubuhi lori likaegeshwa mbele ya lango letu. Askari wakashuka wakaifunga foleni kwa pande zote mbili kama watu wanaokamata kuku. Hawakuwa na kazi ya kutafuta, maana wagonjwa wetu hujipanga wenyewe. Daktari mkuu alitoka na kibali cha wizara mkononi. Akaambiwa kibali ni cha jengo, hao wako nje ya jengo.

Chuma alikuwa wa kwanza dirishani. Kikombe chake kilikuwa mkononi mwangu, nimeshapima. Askari akaniambia, "Sista, weka chini hicho." Nikaweka. Chuma akanitazama, kisha akakitazama kikombe. Akasema, "Si kitu, dada. Nitarudi mchana."

Hakurudi. Ana kosa la zamani la kukutwa na unga, wamelifufua, amekosa dhamana. Nimeuliza alikopelekwa. Gereza Kuu, bweni la pili.

Unajua nyapara wa bweni la pili ni nani. Humo hakuna dawa. Baada ya siku chache atakuwa hawezi kusimama, na atakayekuwa anamgawia maji ni mtu uliyemwambia kwamba Chuma ndiye aliyemuuza.

Mwandikie mumeo leo. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwambie ni wewe. Yuko ndani, hawezi kukufikia. Chuma anaweza kumfikia.

Dada yako


Nyumbani kwa mama
12 Aprili

Mume wangu,

Nimesikia Chuma ameletwa humo mlimo. Nimekaa nikafikiri. Yule bibi muuza mkaa ni mzee, macho yake yana ukungu, hata mimi huniita kwa jina la marehemu mama mkwe wake. Huenda alimfananisha. Chuma ametutendea wema, mimi na mtoto. Ni mgonjwa, atakuwa na hali mbaya.

Usimguse. Mhurumie, kwa ajili yangu.

Mama Kipusa


Kliniki, mjini
16 Aprili

Mdogo wangu,

Jana nilikwenda gerezani na dozi ya Chuma kwenye chupa iliyofungwa, na barua ya daktari. Pale getini askari aliisoma barua, akainusa chupa, akasema, "Dawa za kulevya haziingii gerezani." Nikamwambia asiponywa anaweza kufa. Akasema wengi huja wakisema hivyo, na kwamba kuna mfungwa humo ndani aliacha kwa maji tu, sasa anawafundisha wengine. Aliniambia kwa majivuno, kama anayemsifia mwanawe.

Nikaomba kumwona mumeo. Mumeo alitumwa kuitwa, akajibu kwamba ana kazi.

Umemwandikia? Umemwandikia nini?

Dada yako


Gereza Kuu, bweni la pili
30 Aprili

Mke wangu,

Barua yako ya kumwombea Chuma ilinifikia siku aliyoanza kutapika. Niliisoma hata karatasi ikalainika. "Kwa ajili yangu," umeandika. Tangu tuoane hujaniomba jambo kwa maneno hayo. Nikajiuliza zile nondo za dirishani alizichomelea kwa muda gani, na mama yako alikuwa wapi. Sikuulizi. Nakueleza tu nilivyoisoma. Ile habari ya macho ya bibi muuza mkaa sikuiamini hata kidogo.

Aliingia bweni akitembea kwa miguu yake. Aliponiona alifurahi. Alifungua mikono akasema, "Fundi, wamenileta kwako, basi nimefika nyumbani." Nikampangia nafasi kando ya choo.

Ile dawa ya dada yako haitoki mwilini upesi kama unga. Inamngojea mtu azoee, ndipo arosto ianze. Ilipoanza, wenzetu walitaka kumpa maji. Nikasema maji ya bweni hili nagawa mimi, na huyu ana neno la kusema kwanza. Hakuna aliyebisha.

Sikumpiga hata kofi. Askari anayesoma barua hizi anajua, na wewe ujue. Nilikaa naye tu. Nilijaza kikombe cha bati, nikakiweka sakafuni mahali anapokiona, nikakaa pembeni yake kama mtu anayemuuguza nduguye. Nikamwambia, "Sema ulichofanya, unywe."

Akasema, "Sijafanya kitu, Fundi. Nipe maji."

Kesho yake hivyohivyo. Nikimuuliza, anasema hajafanya. Kila kilichokuwa mwilini mwake kilikuwa kimeshatoka. Midomo ilipasuka, macho yakarudi ndani. Alijaribu kukitambalia kikombe, nikakisogeza kidogo. Mara moja alianza kunihadithia siku tuliyoanguka na tairi mtaroni tukiwa wadogo, nikajua anataka kunilainisha, nikamwambia anyamaze.

Siku ya mwisho aliniuliza kwa sauti ndogo, ikabidi niiname. "Nani kakwambia ni mimi?"

Nikamwambia, "Mke wangu."

Alifumba macho, nikadhani amezimia. Halafu akacheka. Hakikuwa kicheko cha kusikika mbali, ilikuwa pumzi tu, lakini alicheka. Akauliza, "Kipusa hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Basi ni mimi," akasema. "Ndiyo, ni mimi. Mwandikie shemeji mwambie nimekiri."

Mimi ni mtu wa neno langu. Nikampa kikombe. Alikuwa hawezi kushika, nikamshikia mwenyewe, nikamwinua kichwa. Alikunywa kidogo, yakarudi. Walipokuja kutuhesabu asubuhi alikuwa amekwisha.

Daktari wa gereza ameandika arosto. Na ni kweli. Mimi nilipita njia hiyohiyo na niko hai. Yeye kliniki ilikuwa imeshamlainisha kama ndizi iliyokaa jua. Usidhani nafurahi. Tumekua pamoja. Lakini sasa nalala, mke wangu. Tangu niingie humu sijawahi kulala hivi.

Mumeo,
Fundi


Kliniki, mjini
6 Mei

Mdogo wangu,

Tumemzika Chuma. Walikuja mafundi wenzake na wagonjwa wachache ambao hawakukamatwa, wamejipanga kaburini kama walivyozoea kujipanga dirishani. Mama yake aliniuliza mwanawe alikuwa ana nini. Nikasema ugonjwa. Akasema, "Lakini si alikuwa ameshapona kwako?" Nikamshika ule mkono wenye udongo, tukautupa pamoja kaburini.

Mmoja wa wale waliokamatwa naye ameachiwa. Alikuja kwangu, akanieleza habari ya kikombe, na swali aliloulizwa Chuma, na jina alilotajiwa. Kwa hiyo sasa najua ulimwandikia nini mumeo, na hukumwandikia nini.

Mimi nilikuapia, na kiapo nikakishika mpaka pale getini. Ningemwambia yule askari maneno matatu ampelekee mumeo, Chuma angekuwa anachomelea geti la mtu leo. Hilo ni langu, nitalibeba. Lako beba wewe.

Majibu ya pili ya damu ya Kipusa yametoka. Ni safi, hana kitu. Hilo ndilo neno jema la mwisho utakalolipata kutoka kwangu mpaka siku utakayomwandikia mumeo ukweli. Kliniki wameifunga. Nahamishiwa wodi ya wazazi, kuna mtu mwingine ameamua kwamba nikawapokee wanaoingia duniani badala ya kuwazuia wanaotoka.

Dada yako


Nyumbani kwa mama
20 Mei

Mume wangu,

Nimeipata barua yako. Nashukuru umenieleza mwenyewe, sikuyasikia kwa watu. Salamu za shemeji Chuma zimefika.

Kuhusu nondo za dirishani, mama alikuwa amekaa mlangoni mwanzo mpaka mwisho, na Kipusa alikuwa miguuni pake. Uliza yeyote. Mimi ni mkeo.

Kipusa ni mzima. Ameanza kwenda kwa mwalimu wa watoto wadogo, anarudi na wimbo mpya kila siku na viatu vya mwenzake. Hotelini wamenipa kusimamia chumba cha mashine, sishiki tena maji ya moto. Ngozi ya mikono inarudi.

Umesema unalala. Nimefurahi kwamba unalala. Habari ya nani aliyewaelekeza askari tusiizungumzie tena. Aliyesema amekwisha lipa.

Mama Kipusa


Gereza Kuu, bweni la pili
11 Juni

Mke wangu,

Nina habari njema. Watu wa Mtaje Apone wameniombea, kifungo kimepunguzwa kwa tabia njema. Mwakani nitakuwa nyumbani. Wanataka wanipe kazi ya kuzunguka na gari lao, niwaambie watu nilivyopona. Nitavaa fulana yao na nitalipwa. Mkuu wa gereza alinishika mkono mbele ya wenzangu.

Ila usingizi umeniacha tena. Ulikaa wiki tatu, ukaenda. Si woga, na si majuto, maana alikiri kwa mdomo wake mwenyewe na watu wanne waliolala kando yake walisikia. Ni kile kicheko. Nakisikia nikigawa chakula, nakisikia nikioga. Nimekipindua kila upande. Mtu anayekufa kwa kiu, ukimtajia aliyemsema, angekasirika. Angeapa. Angekutukana mke wangu, na mimi nilikuwa tayari kwa hilo. Yeye alicheka, akamuulizia mtoto, ndipo akakiri. Kwa nini amuulizie mtoto?

Wewe ulimjua vizuri, na ulikaa naye siku ile ya dirisha. Niambie, mke wangu. Alicheka nini?

Fundi


Nyumbani kwa mama
19 Juni

Mume wangu,

Tumeshangilia hiyo habari ya mwakani mpaka mama amesahau kutoa mahubiri. Kipusa ameuliza kama lile jokofu kubwa limekwisha. Nimemwambia limebaki kidogo.

Hilo la Chuma usilitafutie maana. Dada yangu, zamani tukizungumza, aliwahi kuniambia kwamba mtu mwenye arosto hucheka na kulia bila sababu. Ni mwili unaochanganyikiwa, si yeye. Mtoto alimpenda, ndiyo maana alimuulizia. Hakuna kingine.

Nitakuja kukuona mwisho wa mwezi, nitakuletea sabuni na soksi. Ile fulana ya Mtaje Apone ukipewa mapema nipe nikufulie, za kwao zinachuja rangi.

Lala, mume wangu. Alikiri mwenyewe.

Mkeo,
Mama Kipusa